Taharuki na mshtuko siyo kitu kimoja

Kila muvi ikisifiwa utasikia "ina taharuki balaa, ukifika mwisho utaruka kwenye kiti", na ukitaka kuuliza chochote unaambiwa nyamaza, utaua taharuki. Sasa hicho kinachowarusha watu kwenye kiti dakika ya mwisho siyo taharuki, ni mshtuko, na mtu akishavichanganya hivi viwili hawezi tena kueleza kwa nini muvi moja imemkaba koo na nyingine imempita tu.

Taharuki kwa kifupi ni hali ya kungoja baya ambalo unajua linaweza kutokea, hujui litatokea au litapita, na huna la kufanya. Ndo hivyo tu. Magazeti yakiandika "taharuki yatanda" baada ya soko kuungua yanazungumzia hofu na purukushani za watu, nayo ni sawa kabisa, neno lina undugu na harakati, mzizi wake wa Kiarabu ni wa kusogea, kutotulia. Kwenye hadithi asiyetulia ni wewe unayetazama.

Ugomvi wangu uko hapa. Kwenye mshtuko hukujua kitu. Kwenye taharuki ulishajua, tena ulijua mapema kuliko ulivyotaka. Alfred Hitchcock, mwongozaji wa muvi, aliwahi kumweleza mwongozaji mwenzake François Truffaut kwa mfano wa bomu chini ya meza: watu wamekaa wanapiga stori za kawaida, ghafla bomu linalipuka, mtazamaji anapata sekunde 15 za mshtuko, basi imeisha. Lakini mtazamaji akionyeshwa bomu likiwekwa, na akaona saa ukutani, stori zilezile za kipuuzi zinakuwa dakika 15 za mateso. Watu wanaopiga kelele kwenye kibanda cha video, "geuka nyuma wewe, geuka!", wanapiga kelele kwa sababu wanajua kitu ambacho aliyeko kwenye skrini hakijui. Asiyejua kitu hana cha kupigia kelele.

Chukua muvi ya huyohuyo Hitchcock, Suspicion ya mwaka 1941. Lina (Joan Fontaine), binti wa jenerali, msichana mpole wa mashambani Uingereza, anakutana na Johnnie (Cary Grant) ndani ya treni. Johnnie ana tiketi ya daraja la tatu lakini kakaa la kwanza, kondakta anamdai nyongeza, hela haitoshi, anamalizia deni kwa stempu ya Lina. Unacheka, manake ni Cary Grant na tabasamu lake, lakini umeshaambiwa jambo: huyu mtu akikwama mkono wake unaenda kwenye pochi ya mwanamke. Wanaoana. Baba wa bibi harusi anawapa viti viwili vya ukoo, siku moja viti havipo, Lina anavikuta vimekaa dirishani kwenye duka la vitu vya kale, hela imeenda kwenye mbio za farasi. Halafu inajulikana Johnnie kaiba pauni 2,000 kwa mwajiri wake ambaye ni binamu yake. Halafu Beaky, rafiki yake waliyekuwa waanzishe naye biashara, anafia Paris baada ya kunywa brandi nyingi, na sisi tulishamuona Beaky nyumbani kwa kina Lina akibanwa pumzi na brandi kidogo tu na Johnnie akasema ipo siku itamuua. Halafu barua ya bima inaonyesha mume kaulizia hela za bima ya maisha ya mkewe. Halafu jirani yao, mwandishi wa hadithi za upelelezi, anamwambia Lina kwamba Johnnie amembana mpaka kamtajia sumu isiyoacha alama mwilini.

Ndo yanakuja maziwa.

Lina yuko kitandani. Chini nyumba ni giza, mwanga wa mlangoni umelala sakafuni, vivuli vya dirisha vimejipanga ukutani kama utando wa buibui, na Johnnie anapanda ngazi taratibu na sinia, juu yake glasi moja ya maziwa. Uso wake huuoni vizuri. Unachokiona ni glasi, ni nyeupe kupita kawaida, inawaka, na inawaka kweli kwa sababu Hitchcock aliweka taa ndogo ndani ya maziwa ili jicho lako lisiende kwingine. Anaiweka pembeni ya kitanda, anamuaga mkewe, anatoka. Lina hanywi. Hakuna kilicholipuka, hakuna aliyepiga ukelele, hakuna kilichogeuka, ni mwanaume kampelekea mkewe maziwa, na watu wanaizungumzia sini hiyo miaka zaidi ya 80 baadaye.

Sasa jaribu kuondoa vitu nyuma yake. Ondoa bima. Ondoa ile sumu, ondoa Beaky na brandi yake. Glasi ile inabaki maziwa ya kumsaidia mgonjwa kulala, hata taa ya ndani isingekusaidia kitu. Kinachokutesa pale ngazini ni vile ulivyopewa saa nzima kabla, kidogokidogo, na kila kimoja ulipopewa kilikuwa na maelezo mazuri kutoka kwa mume mwenye maneno matamu. Ndo maana ule usemi wa kwamba taharuki ni kumficha mtazamaji mambo unanikera, hapa hajafichwa, kajazwa.

Na kuna ushahidi mkubwa kuliko huo. Muvi ilitokana na riwaya ya 1932, Before the Fact, ya Francis Iles, jina la kalamu la Anthony Berkeley Cox. Riwaya ile inafungua kwa kukuambia Lina kaolewa na muuaji, ukurasa wa kwanza kabisa, bado hujakaa sawa. Kwa hesabu za watu wa "usituambie mwisho" kitabu kingekuwa kimekufa hapo. Lakini unasoma ukurasa baada ya ukurasa moyo uko juu, kwa sababu unajua kitu ambacho Lina bado hajakijua, na unamuona anazidi kumpenda.

Mwisho wa muvi wengi hawaupendi, na mimi siupendi. Kwenye riwaya mke anakunywa sumu huku akijua. Kwenye muvi wanaenda kwa gari kandokando ya magenge ya bahari, mlango unafunguka, Lina anadhani anasukumwa, kumbe mume alikuwa anamshika, na anakiri kwamba sumu alikuwa anaitafuta kwa ajili yake mwenyewe. Gari linageuza, wanarudi nyumbani. Hitchcock alikuja kusema kampuni iliyotengeneza muvi, RKO, haikutaka Cary Grant awe muuaji, steringi ni steringi, na kwamba yeye alitaka Lina anywe maziwa lakini kabla ya hapo awe kaandika barua kwa mama yake akieleza kila kitu, na Johnnie mwenyewe ndo aende kuiposti. Hata hivyo angalia kilichotokea: ule mwisho dhaifu haukuigusa sini ya ngazi. Ukiirudia muvi leo, ukijua kabisa Johnnie hakuwa na mpango wa kumuua mtu, ile glasi ikianza kupanda bado unakaza mikono, kwa sababu uko upande wa Lina na Lina hajui. Mshtuko ukishakushtua mara ya kwanza hauna tena kazi, mara ya pili unauona unakuja kwa mbali. Joan Fontaine alichukua Oscar kwa muvi hii, ndo mwigizaji pekee aliyewahi kuipata akiwa kwenye muvi ya Hitchcock, na kazi yake kubwa mle ni kuangalia: anamuangalia mume, anaangalia barua, anaangalia glasi, na sisi tunaogopa kupitia macho yake.

Nadhani sehemu ya tatizo inaanzia darasani. Tulikaririshwa kwamba taharuki ni ile hamu ya kutaka kujua kitakachofuata, tukaandika, tukapata maksi. Haijakosewa ila imepungua, kwa sababu hamu ya kutaka kujua unayo hata kwenye kitendawili. Walimu wa fasihi mkipenda ongezeeni hapo hofu, na muongezee kwamba msomaji anakuwa ameshaonyeshwa cha kuogopa. Na nyie mnaosifia muvi, ikikurusha kwenye kiti dakika ya mwisho sema imekushtua, hiyo nayo ni sifa nzuri tu, wala hujaidharau.