Tarumbeta Haitoshi Kuifanya Bendi Iwe ya Ska Punk

Bendi yoyote ya roki yenye kelele ikimpandisha mpiga tarumbeta jukwaani, watu wanaiita ska punk. Sivyo.

Ska punk ni mdundo wa ska ya Jamaika uliochanganywa na kasi, gitaa lenye mkwaruzo na uimbaji wa kupaza sauti wa punk. Utata wote uko kwenye huo mdundo.

Hesabu hivi: moja na mbili na tatu na nne. Gitaa la ska linagonga kwenye "na", si kwenye namba. Mkono wa kulia unakwangua nyuzi, mara nyingi kutoka chini kwenda juu, na papo hapo vidole vya mkono wa kushoto vinalegea ili sauti ikatike. Ukiondoa mkato huo, hata upange tarumbeta kumi, ska haipo.

Najua mkanganyiko unakotoka. Ska ilizaliwa Kingston mwishoni mwa miaka ya 1950, na wapigaji wake wengi walikuwa wamekomaa kwenye jazi. Ndiyo maana The Skatalites, waliounda bendi yao mwaka 1964, walisheheni saksafoni, tarumbeta na tromboni. (Reggae ilifuata karibu 1968, baada ya rocksteady, mtindo uliotokana na ska. Kuiita ska "reggae ya mbio" ni kusema mjukuu kamzaa babu.) Halafu mwaka 1997 The Mighty Mighty Bosstones, bendi ya Boston, wakavuma redioni na saksafoni na tromboni zao, masikio yakazoea.

Lakini sikiliza Operation Ivy. Walianza 1987 katika eneo la East Bay, California, wakajulikana kupitia ukumbi wa 924 Gilman Street, Berkeley. Walikuwa wanne: mwimbaji, gitaa, besi, dramu. Mpiga tarumbeta hakuwemo. Wakavunjika 1989, mwaka uleule ilipotoka albamu yao pekee, na hadi leo ukitaja chimbuko la ska punk ya Marekani huwezi kuwaruka. Kilichowapa jina hilo ni mkono wa mpiga gitaa.

Kwa hiyo bendi changa ikisifiwa kwa ska punk, waache kwanza wapuliza tarumbeta, fuata gitaa. Likikaa kwenye namba tangu mwanzo hadi mwisho, hiyo ni punk yenye tarumbeta. Iiteni hivyo, ni muziki halali, na bendi haipungukiwi kitu.