Je, wajua kwa nini maua ya kufinyanga hupasuka yakikauka?

Kioo cha shangazi kilikaa miaka nyuma ya mlango, kimeegemea ukuta. Fremu yake ni ya mninga, nzito, ila kona moja imebanduka kipande cha ukubwa wa dole gumba, na pembezoni mwa kioo chenyewe yameingia madoa meusi. Sikuwa na moyo wa kukitupa. Nikaamua kukipamba kwa maua ya kufinyanga: ua la mbuyu juu, majani ya mzabibu yakishuka ubavuni, kwa kuwa hapa Dodoma hivyo viwili ndivyo tunavyoviona kila siku.

Niliyaanika jioni moja ya mwezi wa saba, karibu na dirisha. Asubuhi petali zote zilikuwa salama. Lakini kitovu cha ua, lile donge la katikati nililolichoma vitundu kwa sindano lifanane na nyuzi za ua la mbuyu, kilikuwa na ufa unaoingia ukucha. Kwa nini kitovu, na si petali?

Tuanze na donge lenyewe. Ni wanga wa mahindi, ule unga mweupe laini wa kuzitisha mchuzi (si sembe), uliochanganywa na gundi nyeupe ya maseremala, kikombe kwa kikombe, pamoja na vijiko viwili vya mafuta na kimoja cha siki ili lisiote ukungu. Unalipika kwa moto mdogo huku ukisonga kama ugali, mpaka liachane na sufuria. Punje za wanga zikifika nyuzijoto 60 na kitu hufyonza maji na kuvimba, ndiyo maana uji huwa mzito ghafla. Maji hayo yanatoka kwenye gundi, kwani karibu nusu ya gundi nyeupe ni maji. Basi ua bichi limebeba maji mengi kuliko linavyoonekana, na likikauka lazima lisinyae.

Kusinyaa peke yake hakuna ubaya. Ubaya ni kusinyaa kwa kupishana. Petali ni nyembamba kama ganda la karanga, maji yake hutoka pande zote kwa wakati mmoja, nayo hupungua yote kwa pamoja. Donge nene hukauka ngozi kwanza. Ngozi inajivuta, inataka kuwa ndogo, na ndani bado kumejaa maji, hakujapungua hata kidogo. Nguo imekuwa ndogo kuliko mwili, inachanika.

Anayeishi huku ameshauona ufa huo. Ni ule wa udongo mweusi wa mbugani, unaovimba masika na kupasuka vipande vipande kiangazi, hadi mguu wa mbuzi unazama. Wafinyanzi wa vyungu wanalijua jambo hili tangu zamani: huanika chungu kivulini, polepole, mbali na upepo.

Na upepo ndio ulioniponza. Dodoma hupata mvua ya milimita 600 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Mwezi wa saba hewa ni kavu na upepo wa baridi hauna simile, kwa hiyo ngozi ya ua hukauka upesi mno kabla ya ndani kupata nafasi ya kuifuata. Ua hilohilo likifinyangwa Tanga, kwenye unyevu wa bahari, lingekauka taratibu zaidi.

Mara ya pili nililitoboa donge kwa nyuma kwa kitako cha penseli, likabaki na ukuta mwembamba. Nikaongeza matone machache ya glisirini, ambayo hushikilia maji yasitoke kwa pupa, kisha nikaliacha siku tatu ndani ya boksi la viatu, mbali na dirisha. Halikupasuka.

Kosa jingine linalowapata wengi ni kubandika ua likiwa bichi. Mgongo unashikwa na mbao, uso unajivuta, ufa unarudi. Tandika kipande cha plastiki juu ya fremu, laza ua juu yake lichukue umbo la mbao huku likiwa huru kusinyaa, na likishakauka kabisa ndipo utie gundi. Fremu ya mninga ipige msasa kwanza, maana gundi nyeupe hushika kwa kuingia kwenye vinyweleo vya mbao. Kioo hakina vinyweleo. Ukilibandika ua hapo, siku moja litabanduka kama ngozi ya maziwa.

Na yale madoa meusi? Kioo cha kujitazamia ni kioo cha kawaida kilichotandazwa nyuma yake utando mwembamba sana wa madini, mara nyingi fedha, kwa njia iliyotokana na kazi ya mkemia Mjerumani Justus von Liebig mwaka 1835. Juu ya utando huo hupakwa rangi ya kuulinda. Unyevu ukipenya ukingoni, utando huliwa na kuwa mweusi. Kusugua mbele hakusaidii kitu, doa liko nyuma. Tena ujihadhari na gundi ya silikoni yenye harufu kali ya siki: asidi yake huweza kuula utando huohuo. Unapofuta kioo, nyunyizia maji kwenye kitambaa, usinyunyizie kioo chenyewe, yasije yakatiririka hadi ukingoni.

Doa kubwa kuliko yote lilikuwa kona ya juu kushoto, palepale fremu ilipobanduka. Ua la mbuyu nimelifunga hapo, kikonyo kwenye mbao, petali tano nyeupe zikining'inia mbele ya doa bila kukigusa kioo, uso wake ukitazama chini kama linavyokuwa mtini usiku linapochanua.