Wisconsin na hesabu za urais wa Marekani

Kila Marekani inapoingia kwenye uchaguzi wa rais, swali ninaloulizwa sana ni nani anaongoza nchi nzima. Takwimu hiyo mimi huiangalia mwisho. Mwaka 2016 Hillary Clinton wa chama cha Democratic alimzidi Donald Trump wa Republican kwa kura karibu milioni 2.9, na Ikulu akaikosa.

Rais huchaguliwa na wajumbe 538 waliogawanywa kwa majimbo. Mshindi anahitaji 270. Ukiacha Maine na Nebraska, anayeongoza jimboni, hata kwa kura moja, huzoa wajumbe wote. Clinton aliongoza California kwa kura zaidi ya milioni 4, akapata wajumbe wale wale 55 ambao angewapata kwa ushindi mwembamba. Ndiyo maana pesa za kampeni hazimwagwi kwenye ngome. Zinakwenda kwenye majimbo machache ambayo hayana mwenyewe. Mwaka 2024 yalitajwa saba, kuanzia Pennsylvania hadi Nevada.

Nikieleza nafasi ya wanaojitokeza kupiga kura, Wisconsin peke yake inanitosha. Ina wajumbe 10 tu. Mwaka 2012 Mitt Romney wa Republican alipata huko kura 1,407,966, Barack Obama wa Democratic akamwangusha kwa tofauti ya zaidi ya 200,000. Miaka minne baadaye Trump akapata 1,405,284, pungufu ya zile za Romney, na akashinda! Clinton alikuwa amepata kura kama 238,000 chini ya za Obama. Baadhi ya wapiga kura walihamia kwa Trump, wengine wakaenda vyama vidogo, na wengine hawakutoka kabisa, hasa jijini Milwaukee, kwenye Waamerika Weusi wengi. Pengo la mwisho lilikuwa kura 22,748. Na Clinton, baada ya kuteuliwa na chama chake, hakukanyaga jimboni humo kuomba kura. Hilo bado linanishangaza.

Wengi wakahitimisha kwamba watu wakijitokeza kwa wingi, Democrats wanashinda. Uchaguzi wa 2020 ukawapa nguvu: walijitokeza asilimia 66 hivi ya wenye sifa, kiwango cha juu kabisa tangu 1900, na Joe Biden akaichukua Wisconsin kwa kura 20,682.

Halafu ikaja 2024. Kamala Harris alipata Wisconsin kura 1,668,229, nyingi kuliko 1,630,866 za Biden. Akashindwa, kwa sababu Trump alipata 1,697,626. Safari hii wengi wasio na mazoea ya kupiga kura walitoka kwa ajili yake.

Kwa hiyo mimi huuliza wametoka wapi kabla ya kuuliza wametoka wangapi: miji ya Milwaukee na Madison, ngome za Democrats, au vijijini? Na subira inahitajika. Milwaukee kura za posta huhesabiwa mahali pamoja na hutangazwa usiku sana, kwa hiyo anayeongoza Wisconsin saa nne usiku, wakati Nairobi ni saa moja asubuhi, simwiti mshindi.