Je, wajua kwa nini Balasaraswati aliimba huku akicheza?

Mcheza ngoma wa Kihindi wengi wetu tunamjua kwa macho. Tunamjua kwa wanja, maua nyweleni, sari yenye marinda yanayofunguka kama upepeo akichuchumaa, na njuga zinazolia kila unyayo unapotua. Kuimba ni kazi ya mwingine aliyeketi pembeni na maikrofoni yake, pamoja na mpiga mridangam, ngoma ya kupigwa pande mbili, na mwenye matuazi. Yeye kafumba mdomo, anacheza.

Balasaraswati, mchezaji wa bharatanatyam, ngoma ya jadi ya kusini mwa India, aliishi Madras, mji unaoitwa Chennai siku hizi. Yeye hakuufumba. Ngoma ilipofika kwenye nyimbo za taratibu, zile za mahaba, alicheza na kuimba kwa pamoja. Wachezaji wa leo wanaoweza hivyo ni wachache mno. Uwezo huo aliutoa wapi?

Mswahili ana bahati katika swali hili, maana jibu limo kinywani mwake. Neno letu ngoma ni kile chombo kinachopigwa, ni mchezo wenyewe, na ni shughuli nzima ya usiku ule. Mtu akikuambia jana alikuwa ngomani, humuulizi kama alikwenda kusikiliza au kutazama. Kisanskriti kina neno la aina hiyo, sangita, linalobeba kuimba, kupiga ala na kucheza kwa mkupuo mmoja. Kwa wengi neno hilo lilibaki vitabuni. Katika nyumba aliyozaliwa Balasaraswati tarehe 13 Mei 1918, watu waliliishi.

Bibi yake, Dhanammal, alikuwa mpigaji wa vina, ala ya nyuzi, aliyeogopwa na kuheshimiwa na wanamuziki wote wa mji ule. Mama yake, Jayammal, alikuwa mwimbaji, na ndiye aliyemwimbia bintiye jukwaani kwa miaka mingi. Mdogo wake mmoja wa kiume alipiga mridangam, mwingine filimbi. Ile herufi T inayotangulia jina lake, T. Balasaraswati, ni ya Thanjavur, mji wa wafalme ambako wahenga wake waliimba na kucheza katika karne ya 18. Mtoto wa nyumba hiyo alijua kuimba kabla hajajua kwamba kuimba hufundishwa.

Mwalimu wake wa ngoma, Kandappa Pillai, alikuwa mkali. Alianza naye akiwa mdogo sana, na mwaka 1925, akiwa na miaka 7, Balasaraswati alitolewa hadharani kwa mara ya kwanza katika hekalu huko Kanchipuram. Kandappa alitoka katika ukoo wa ndugu wanne wa Thanjavur, ambao mwanzoni mwa karne ya 19 waliupanga mfuatano wa ngoma unaochezwa hadi leo. Ndugu hao walikuwa watunzi wa muziki. Ngoma ilipata umbo lake mikononi mwa watu wa nyimbo, na hilo watazamaji wengi hulisahau.

Sasa tazama kinachotokea katika wimbo mmoja wa aina ya padam. Mwanamke amemtuma msiri wake kwenda kumwita mpenzi. Msiri anarudi amechelewa, nywele zimetimka, rangi ya shavuni imefutika. Mwimbaji anaurudia mstari mmoja tu: mbona umechelewa? Anaurudia mara tano, mara kumi. Mara ya kwanza mchezaji anauliza kwa huruma, maskini, umechoka na jua. Mara ya pili jicho limeona shavu. Mara ya tatu anacheka. Kufikia mara ya saba hakuna tena swali, kuna shutuma. Maneno hayajabadilika hata herufi. Kinachobadilika ni jinsi sauti inavyovutwa, inapotetemeka na inapokatika. Na hayo hayapangwi nyumbani, hubuniwa papo hapo.

Kwa anayetegemea kuimbiwa, hapo pana pengo dogo: asikie kwanza, kisha mkono ufuate. Anayeimba mwenyewe hana pengo. Pumzi ndiyo inayoamua jicho ligeuke lini. Kitabu kimoja cha kale kinachofuatwa katika ngoma hii kinataja ishara 28 za mkono mmoja, na mwanafunzi yeyote mwenye bidii atazikariri. Ila ishara hutafsiri neno. Mkunjo wa sauti hauna ishara yake kitabuni. Inabidi uutoe kooni.

Mbona basi desturi hiyo ikafifia? Hapa hadithi inakuwa chungu. Balasaraswati alitoka katika jamii ya devadasi, wanawake waliowekwa wakfu kwa hekalu na kuhesabiwa wameolewa na mungu wake, hivyo hawakuwa wajane kamwe. Walirithishana ngoma na muziki kwa upande wa mama. Tangu mwishoni mwa karne ya 19 wanamageuzi waliwapiga vita wakisema desturi hiyo ni ukahaba uliofunikwa shuka la dini. Daktari Muthulakshmi Reddy, ambaye mama yake mwenyewe alitoka katika jamii hiyo, alipigania sheria ya kuikomesha, ikapitishwa Madras mwaka 1947. Sababu zake hazikuwa za kubeza, wasichana wengi waliumia. Lakini aibu haikuishia kwenye desturi, iliwaangukia pia wanawake walioihifadhi sanaa.

Ngoma ikahamia kwa wengine. Rukmini Devi, binti wa Kibrahmani, yaani wa tabaka la juu la Wahindu, alicheza hadharani mwaka 1935 na mwaka uliofuata akaanzisha Kalakshetra, chuo kilichowafanya wazazi wa tabaka la kati wasione haya kuwapeleka binti zao. Alipunguza mahaba, akaongeza ibada. Balasaraswati alilikataa hilo waziwazi. Kwake mahaba ndiyo yaliyokuwa ibada yenyewe, na anayeyaona machafu anayo yake kichwani. Binafsi naona wote wawili waliiokoa ngoma, ila mmoja aliokoa nyumba na mwingine akaokoa waliomo.

Katika shule za ngoma mwanafunzi hujifunza hatua, na muziki huletwa na wataalamu siku ya onyesho. Si kosa la mtu. Darasa la watoto thelathini haliwezi kuwa sebule ya Dhanammal.

Wanamuziki wenyewe hawakuwa na shaka juu yake. Mwaka 1973 Music Academy, taasisi kubwa ya muziki ya Madras, ilimpa Sangita Kalanidhi, heshima yake kubwa kuliko zote, ambayo hutolewa kwa waimbaji na wapigaji. Hajaipata mcheza ngoma mwingine.

Miaka mitatu baadaye mtengeneza filamu Satyajit Ray, aliyemwona akicheza Calcutta alipokuwa kijana, alikuja kumpiga picha. Balasaraswati alikuwa na miaka 58. Katika kipande kimoja anacheza ufukweni, upepo ukivuta sari yake, akimwita mungu Krishna, aliye bado mtoto, aje upesi. Katika ngoma ndefu ya mwisho, zinazolia miguuni ni njuga zilezile alizovaa Kanchipuram akiwa na miaka 7.