Mwenzake haonekani, basi ni shimo jeusi? Ngoja kwanza

Barazani kwetu Ngamiani hapa Tanga kahawa ikishakolea hakuna mada inayotushinda, na siku hizi tumehamia kwenye mashimo meusi, vile vitu vya angani vyenye mvuto mkali hata mwanga hautoki. Kuna ami mmoja keshaapa kwamba nyota yoyote ikizunguka na mwenzake asiyeonekana basi huyo ni shimo jeusi tu. Ami, kutoonekana sio ushahidi! Nyota ya Sirius ilikuwa inayumba, mwanaastronomia Bessel mwaka 1844 akasema ina mwenzake, 1862 mwenzake akaonekana kwa darubini kumbe kibete cheupe, yaani masalia ya nyota iliyokufa, kadogo kama Dunia ila uzito karibu sawa na Jua.

Kinachoamua ni uzito. Mwanga wa nyota unaielekea rangi ya buluu kidogo ikija kwetu na wekundu ikienda, hapo unapata spidi na siku za mzunguko, halafu hesabu inakupa uzito wa yule aliyejificha, tena ule wa chini kabisa maana hujui mzunguko unauona kwa ubavu au kwa juu. Kibete cheupe hakivuki kama 1.4 ya Jua, nyota ya nutroni, masalia yaliyobanana zaidi ya hapo, inaishia 2 na ushee, ikizidi 3 na mwanga hamna ndo watu wanaanza kunong'ona shimo jeusi.

Kunong'ona tu lakini. Nyota iitwayo HR 6819 ilitangazwa 2020 kuwa na shimo jeusi la karibu nasi kuliko yote, miaka 1,000 hivi ya mwanga, 2022 ikaonekana ni nyota mbili za kawaida bila shimo lolote! Moja ilishanyonywa gamba lake na mwenzake ikabaki nyepesi, waliotangaza wakaipigia hesabu kama nzito. Ukikosea uzito wa ile unayoiona hesabu yote imeenda na maji.

Mwingine anasema eti shimo jeusi lazima linyonye mwenzake na kutoa eksirei, mionzi ile ya hospitalini? Shimo jeusi la Gaia BH1, lililotangazwa 2022, lina uzito karibu mara 9 ya Jua, nyota inalizunguka kwa siku 186 wala hainyonywi. Na eksirei zenyewe nyota za nutroni zinatoa pia, zikidunda kwa mpigo ujue kuna uso mgumu pale, shimo jeusi halina uso.

Na anayesema haya mambo hayatuhusu pwani, satelaiti ya Uhuru, ya kupima eksirei za angani, ilirushwa hapo Malindi tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya ndo maana ya jina, ikakuta eksirei za kitu cha angani kiitwacho Cygnus X-1 zinabadilika chini ya sekunde, yaani kitu chenyewe kidogo sana, halafu mwaka uliofuata wataalamu wa Uingereza na Kanada wakaona nyota ya buluu inakizunguka kwa siku 5.6, na uzito wake ukawa mkubwa mno kwa nyota ya nutroni.