Ping Kujibu Si Ushahidi Kwamba Njia ni Nzima

Wiki hii nimeambiwa tena, kwa mara ambayo sikumbuki ni ya ngapi, kwamba "ping inajibu, kwa hiyo mtandao hauna tatizo". Ping ni amri inayotuma pakiti, yaani kifurushi cha data, kwa kompyuta nyingine na kusubiri jibu. Ile ya kawaida ya Linux hubeba baiti 56 za data, na pamoja na vichwa vyake hufikia 84. Ikijibu, tumejua tu kwamba pakiti ndogo inapita. Ni kama kupita chini ya daraja na baiskeli, kisha kumhakikishia dereva wa lori kwamba naye atapita.

Tawi lililolalamika limeunganishwa na makao makuu kwa GRE, handaki linalofunga pakiti ndani ya pakiti nyingine. Hula baiti 24 kati ya 1500 za kawaida na kuacha MTU (ukubwa wa juu wa pakiti inayoweza kupita) ya 1476. Watumiaji waliingia kwenye seva kwa SSH bila shida, lakini walipoomba orodha ndefu ya faili, skrini iliganda. Nikiiona dalili hiyo, ya vidogo kupita na vikubwa kukwama, hushuku MTU kabla ya kitu kingine chochote. Nikiwa kwenye seva nilituma ping -M do -s 1472, yaani baiti 1472 za data katika pakiti isiyoruhusiwa kukatwa: kimya. Nikashusha hadi 1448, ikajibu. Nikapandisha hadi 1449, kimya tena. Jumlisha 1448 na baiti 28 za vichwa vya IP na ICMP (itifaki ya ujumbe wa hitilafu na majaribio, ambayo ping huitumia), utapata 1476 kamili.

Kinachoniudhi si GRE. Ruta ilipoikataa pakiti kubwa yenye alama ya DF (usiikate), ilitimiza wajibu ulioelezwa na RFC 1191, waraka wa kanuni za intaneti, tangu 1990: ilirudisha ujumbe wa ICMP aina ya 3, msimbo wa 4, ikitaja ukubwa unaokubalika. Fayawoli (kichujio cha usalama) iliyo mbele ya seva ndiyo iliyoutupa ujumbe huo, kwa sababu kuna mtu aliyekariri kwamba ICMP ni hatari, akaifunga yote isipokuwa ping. Yaani aliacha wazi ile inayomfurahisha fundi, akaziba ile ambayo seva inaihitaji ili ipunguze pakiti zake. Kwenye IPv6, toleo jipya zaidi la IP, kosa hilo huumiza zaidi, kwani huko ruta za njiani hazikati pakiti kabisa.

Tuliuruhusu ujumbe huo, tukabana na MSS (kikomo cha data katika kila pakiti ya TCP) iwe 1436, yaani 1476 ukitoa baiti 40 za vichwa. Nakiri kwamba kubana MSS ni kiraka, kwani husaidia TCP pekee, na UDP, itifaki nyingine ya kusafirisha data, hubaki kujitegemea. Nakiri pia kwamba IPsec (usimbaji wa pakiti njiani) inapoongezwa, hesabu hubadilika kulingana na algoriti ya usimbaji, nami huweka MSS ya 1360 bila kupiga hesabu kamili, kisha narudi kwenye seva kuiomba upya ile orodha ndefu ya faili.