VPN ya kwenye ruta inamzuia nani asikuone kwenye laptopu ya kazi?

Vijana wa Amu, yaani Lamu, wanaofanya kazi za mtandaoni, wengine kwa kampuni za Nairobi na wengine za Ulaya, wana swali hawachoki kuliuliza: laptopu niliyopewa kazini hainiruhusu kuweka programu yoyote, sasa nikiweka VPN kwenye ruta ya nyumbani, si nitakuwa nimejificha? Utakuwa umejificha, ndiyo. Ila kwa nani?

VPN husimba data yako, yaani huigeuza isisomeke, kabla haijatoka, ikaipeleka hivyo hivyo mpaka kwenye seva fulani, tuseme ya Uholanzi, na huko ndiko inakofunguliwa na kuendelea na safari. Kwa kawaida programu yake hukaa kwenye simu au kompyuta. Ikikaa kwenye ruta, kazi yote ya kusimba inafanywa na ruta yenyewe, na kila kilichounganishwa nayo, hata televisheni ya sebuleni, hupita humo bila kuwekewa kitu. Laptopu haijui lolote. Inaona waifai ya kawaida tu.

Anayezibwa macho hapo ni mtu wa njiani. Kampuni inayokuuzia intaneti itajua unawasiliana na seva moja, saa ngapi na kwa data kiasi gani, basi. Bila VPN ingeweza kuona majina ya tovuti unazofungua, ingawa yaliyomo ndani ya kurasa hayasomeki, kwa kuwa tovuti nyingi siku hizi hutumia HTTPS, njia inayosimba mawasiliano kati yako na tovuti. Mwenye gesti kule Shela naye, ukichomeka ruta yako ndogo ya safari kwenye mtandao wake, haoni zaidi ya mawasiliano hayo na seva moja. Lakini ulichomnyima mtoa intaneti umemkabidhi mwenye VPN, na ndiyo maana mimi zile za bure siziamini.

Tuje kwa mwajiri. Chukulia mashua iliyofunikwa turubai inatoka Mokowe: waliosimama kwenye jeti hawajui imebeba nini. Kampuni yako haikusimama kwenye jeti. Imo mashuani, imekalia mizigo. Laptopu ni mali yake, na mara nyingi inakuja na programu za usimamizi zinazoweza kurekodi umefungua nini, umenakili faili gani kwenye flashi, umetembelea kurasa zipi. Nyingine hupiga hata picha za skrini. Hayo yote yanafanyika ndani ya laptopu, kabla data haijafika kwenye ruta. Kisha ripoti zenyewe zinasafiri kwenda kazini kupitia VPN yako, salama salimini, umezilipia wewe. Kampuni nyingine huweka pia cheti chao cha kidijitali kwenye laptopu, kinachoifanya iiamini mitambo yao, na kwa hicho mitambo yao inafungua hata HTTPS.

Wapo ambao shida yao si kurasa bali mahali. Mkataba unasema Nairobi, mtu yuko mtaa wa Langoni hapa Amu anapunga upepo. Anwani ya IP, ile namba inayoonyesha unatokea mtandao gani, itabadilika, kweli, lakini laptopu ina masikio mengine. Waifai yake husikia ruta za jirani, na Google, Apple na Microsoft wanatunza kumbukumbu za ruta ziko wapi duniani. Kuta za Mji wa Kale ni nene, za mawe ya matumbawe na chokaa, na kila mtu hulalamika waifai haivuki chumba cha pili. Nyumba zenyewe lakini zimebanana. Panda nayo juu darini uone orodha ya mitandao ya majirani inavyojaa. Ikiwa huduma ya mahali imewashwa kwenye laptopu, orodha hiyo inatosha kusema uko Lamu.

Simu nayo inaweza kukuchongea. Unaingia kwenye akaunti ya kazi kwa laptopu, mfumo unaandika Uholanzi. Dakika mbili baadaye unafungua barua pepe ya kazi kwa simu iliyo kwenye bando, mfumo unaandika Kenya. Mifumo mingi ya usalama ina kengele maalumu ya safari kama hiyo isiyowezekana, na jamaa wa IT hawatafikiri kwanza kwamba unapenda faragha. Watafikiri akaunti yako imeibwa.

Kama linalokukera ni kuchunguzwa, Katiba ya 2010, kifungu cha 31, inalinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuarifiwa data yako inatumiwaje na kuomba uione. Barua moja kwa idara ya wafanyakazi itakueleza mengi kuliko ruta yoyote. Na mambo yako ya benki, ya daktari na ya kutafuta kazi nyingine yafanye kwenye kifaa chako mwenyewe. Hapo ndipo VPN ya ruta inapofaa kweli.

Ukiamua kuiweka, kuna aina mbili maarufu: chagua WireGuard badala ya OpenVPN. Ruta nyingi za nyumbani zina prosesa dhaifu, na OpenVPN huzilemea. Ikiwa kampuni nayo ina VPN yake, itapita ndani ya yako, na unaweza kukuta ujumbe unaenda lakini kurasa nzito zinagoma kufunguka. Tazama mpangilio wa MTU, yaani kikomo cha ukubwa wa pakiti, kile kipande kimoja cha data kinachotumwa: pakiti ya kawaida ni baiti 1500, WireGuard hutumia 1420, na VPN mbili zikipandana huenda ukalazimika kuishusha zaidi.

Halafu kuna umeme. Ukikatika na kurudi, ruta huwaka na kutoa intaneti papo hapo, VPN ikawa bado haijaunganika, na laptopu isiyolala hukimbilia kazini na anwani yako halisi. Washa mpangilio wa ruta unaozuia intaneti yote mpaka VPN isimame. Kisha ijaribu: zima ruta, iwashe, ukague anwani ya IP kwa simu yako iliyo kwenye waifai hiyo, huku laptopu ya kazi umeizima kabisa.